Mtu wa Kulinganishia

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naona afadhali niliseme mwenyewe mapema, kabla hujalisikia kwa dereva wa taasisi yetu, ambaye kisa kikipita mdomoni mwake hutoka kimenenepa.

Jengo letu lina sakafu nne na lifti moja inayofanya kazi ikijisikia. Chini kabisa tuko sisi wa jenetiki ya tiba, na mafriji yetu yanayonguruma mchana kutwa. Juu yetu wako wanafizikia. Juu yao wako watu wa hisabati, ambao mali yao yote ni ubao, chaki na birika la chai. Na kileleni, karibu na mbingu kama inavyostahili, wako watu wa nyota. Kila Ijumaa saa nane mchana tunakutana ukumbini. Mkurugenzi aliweka sheria moja tu: kila idara ieleze ilichogundua kwa maneno ambayo mlinzi wa getini atayaelewa. Mlinzi mwenyewe hukaa mstari wa mbele, mikono kifuani, kama hakimu. Asipoelewa hutikisa kichwa, na profesa, awe na nywele nyeupe kiasi gani, anaanza upya.

Mimi ni fundi wa maabara. Jengo hili niliingia kwa mlango wa nyuma, nikiwa na ufagio. Kabla ya hapo nimebeba magunia ghalani, nimepaka rangi kuta za watu, nimeosha magari, nimefukuzwa kazi mara tano, na mara mbili kati ya hizo nilistahili. Mkuu wa idara yetu, daktari mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine imesahaulika juu ya kichwa, alinikuta nikisoma lebo za vichupa badala ya kufagia. Wengine wangenifukuza mara ya sita. Yeye alinivutia kiti akanifundisha kazi. Leo damu ikifika mimi ndiye ninayeipokea, ninaizungusha kwenye mashine mpaka itengane, natoa vinasaba, navitia kwenye kichupa kidogo chenye namba. Majina siyajui. Majina yamo kwenye kabati la Daktari, na ufunguo wa kabati uko shingoni mwake, haumtoki hata akienda chooni.

Sasa, ukitafuta kosa katika vinasaba vya mgonjwa, huna budi kumlinganisha na mtu mwenye afya. Kila mwanadamu ana tofauti maelfu kwa maelfu katika maandishi yake ya urithi, na karibu zote hazina neno, ni kama watu wawili kuandika barua ileile kwa miandiko yao. Zipo orodha kubwa za dunia, ila watu wa kwetu humo ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo Daktari alikusanya orodha yake, watu thelathini wenye afya zao. Kanuni ilikuwa nyepesi: tofauti yoyote ya mgonjwa ikionekana pia kwa mmoja wa wale thelathini, inafutwa. Ikiwa mwenye afya anayo na bado anadunda, basi si hiyo inayomsumbua mgonjwa.

Wa kwanza kati ya thelathini nilikuwa mimi. Daktari hakumaliza hata kuuliza nani atajitolea, mkono wangu ulikuwa juu. Wenzangu wakanipa jina la Rula, nami nikalipenda. Usinicheke. Katika maisha yangu nimeandikwa mengi kwenye karatasi za watu: mchelewaji, mbishi, hafai. Ile ilikuwa karatasi ya kwanza kuandika kwamba sina kasoro.

Ijumaa yenyewe ilianza vizuri. Mwanafizikia mmoja, mrefu mpaka anainama mlangoni, alieleza kwamba wamebana maji ndani ya mirija myembamba mara maelfu kuliko unywele, wakayapoza kupita kiwango cha maji ya kawaida kuganda, na maji yakagoma. Hayana nafasi ya kujipanga, alisema, kama watu kumi waliobanana kwenye lifti yetu: hata ukitaka kumpisha mwenzako, utampisha wapi? Mlinzi akaafiki. Dereva akauliza kama maji hayo yanaweza kuwekwa kwenye rejeta. Akajibiwa kwamba kwa kiasi walichonacho, labda rejeta ya gari la sisimizi.

Akafuata mzee wa hisabati, tunayemwita Mwalimu. Alisema ukiwachukua watu sita wowote huwezi kukwepa jambo moja: ama watapatikana watatu wanaofahamiana wote kwa wote, ama watatu wasiofahamiana kabisa. Akatusimamisha sita, tukajitahidi kumkosesha, tukashindwa. Hilo, akasema, linajulikana tangu zamani. Wao wanashughulika na makundi makubwa zaidi: watu wangapi wanatosha ili mpangilio fulani usiepukike, hata ukiwachanganya vipi? Ilijulikana kwamba jibu liko mahali fulani kati ya namba mbili, na baada ya miaka mitatu yeye na wenzake wamepunguza nafasi hiyo. Mlinzi akauliza, kwa kiasi gani. Kwa moja, akajibu Mwalimu, kisha akakaa na uso wa mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Ndipo akasimama mwanamke wa idara ya nyota, tunayemwita Dada wa Nyota. Kwa miaka miwili walikuwa wanafuatilia nyota moja iliyoonekana kufifia na kung'aa, kufifia na kung'aa. Wakaandika, wakakokotoa, wakaanza kudhani kuna kitu kikubwa kinaizunguka. Lakini mng'ao wa nyota, alisema, haupimwi peke yake, maana hewa yenyewe haitulii usiku mmoja na mwingine. Unaipima nyota yako kwa kuilinganisha na jirani yake aliyetulia. Na wiki tatu zilizopita wamegundua kwamba nyota yao haijawahi kubadilika hata siku moja. Aliyekuwa anapanda na kushuka ni jirani.

Alilisema bila kuona haya, kama habari njema. Sasa mimi, nikiona mtu amekiri kosa mbele ya watu, ulimi huniwasha. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza kama kwa miaka miwili walikuwa wamemshitaki mtu kwa ulevi kwa ushahidi wa jirani anayepepesuka. Ukumbi ukacheka. Yeye mwenyewe akacheka, akasema ndivyo ilivyokuwa, tena jirani ndiye aliyesifiwa kwa utulivu wake. Hapo ningekaa. Sikukaa. Nikawaambia watu wa nyota kwamba kwetu chini mambo ya namna hiyo hayapo, kwetu rula ni rula, nikasimama nikajizungusha taratibu kama suti iliyo sokoni, wanione mbele na nyuma.

Kicheko kilipopungua, Mwalimu akauliza bila kuinuka, "Na wewe, Rula, ulipimwa na nani?"

"Nilijaza fomu, Mwalimu."

"Nani aliyeijaza?"

"Mimi. Tena kwa mwandiko mzuri."

Watu wakacheka tena, ila yeye hakucheka. Nikamwona Daktari wetu anapapasa kichwani kutafuta ile miwani nyingine, anaandika kitu kwenye kijitabu chake.

Jumanne asubuhi aliniita ofisini. Akaniambia nikae. Hiyo peke yake ilinitia wasiwasi, kwa sababu kwa kawaida Daktari hunikuta nimeshakaa.

Akaeleza kwamba yeye na Mwalimu wameshinda kwenye hesabu tangu Jumamosi. Waliwachukua watu wetu thelathini na wagonjwa wetu arobaini, kwa namba tu, wakamlinganisha kila mmoja na kila mmoja ili kuona kama kuna wenye damu moja. Kazi hiyo ilitakiwa ifanywe tangu mwanzo, alisema, na kutofanywa kwake ni kosa lake yeye, asitafutwe mwingine. Katika hesabu yote ile waliibuka wawili. Mgonjwa namba kumi na mbili, na mimi. Tuna robo ya vinasaba sawa.

Nakiri kwamba wazo langu la kwanza halikuwa la kitaalamu. Nilianza kurudi nyuma miaka kwa vidole, nikikumbuka nani na wapi. Daktari akaviona vile vidole.

"Acha kuhesabu," akasema. "Mtoto wako angekuwa na nusu."

Robo ni mjomba, akaendelea, au ami, au shangazi, au babu na mjukuu, au ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Ni nani hasa, hawezi kuniambia, na hatasema hata nikimletea chai siku tatu mfululizo. Anachoweza kuniambia ni hiki: mgonjwa huyo alikuwa na tofauti katika jeni moja inayousaidia moyo kujiandaa upya baada ya kila pigo. Tofauti yenyewe ilikuwa juu kabisa ya orodha ya washukiwa. Wakaifuta.

Nikamuuliza kwa nini wafute kitu kama hicho.

"Kwa sababu Rula anayo."

Mafriji yaliendelea kunguruma ng'ambo ya ukuta. Akanieleza kwamba miezi minne iliyopita hospitali ilipewa majibu ya namba kumi na mbili: hakuna kilichopatikana. Kisha akanisogezea fomu yangu. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Swali la tisa: umewahi kuzimia au kupoteza fahamu? Nilikuwa nimeweka alama kwenye hapana, alama nene, ya mtu asiyetaka kuulizwa zaidi.

Nilimwambia sikudanganya. Wakati ule nikibeba magunia nilianguka mara moja, ndiyo, lakini ile haikuwa kuzimia, ilikuwa njaa, maana nilikuwa sijala tangu jana yake. Akauliza kilitokea nini kabla tu ya kuanguka. Kengele ya moto ililia. Akauliza kama ililia ghafla. Nikasema kengele za moto sijawahi kuzisikia zikibisha hodi.

"Na ulipozinduka?"

"Nilikuta nimefukuzwa kazi kwa kulala."

Hakutabasamu. Akauliza kama kuna mara nyingine. Nikamwambia ya siku tairi la lori lilipopasuka nikiwa napaka rangi. Akasema basi ni mara mbili. Nikatazama dari, nikasema tatu.

Alivua miwani zote mbili, jambo ambalo sijawahi kuliona, akanieleza taratibu kama alivyonifundisha kazi siku ya kwanza. Wapo wenye tofauti hiyo wanaozeeka bila kujua. Wapo ambao dalili ya kwanza ndiyo ya mwisho. Mlio wa ghafla, mshtuko, mbio, na moyo unapoteza hesabu yake. Mara nyingi watoto wenye tofauti hiyo huambiwa wana kifafa na kupewa dawa zisizo zao. Dawa yenyewe ipo, ni kidonge cha kawaida, na kinasaidia sana, lakini lazima kwanza mtu ajulikane. Ameshapiga simu hospitali, watamwita mgonjwa.

"Jina silitaji," akasema. "Lakini habari za damu yako ni zako. Ukitaka kuzitangaza kwa ukoo mzima, hakuna wa kukuzuia. Ningekuwa wewe ningeanza leo."

Nilitoka sijaaga. Sina mtoto. Sina ndugu wa kambo. Nina dada mmoja, niliyemtangulia kwa miaka minne, naye ana binti mmoja. Hesabu hiyo haikuhitaji Mwalimu. Kilichonikaa rohoni njia nzima ni kwamba kichupa namba kumi na mbili nilikipokea mimi. Nilikiandika kwa mkono wangu, nikakipanga kwenye kijisanduku chake, na kwa kuwa mimi huzungumza na vichupa vyote, bila shaka nilikiambia neno la mzaha.

Dada yangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kina mashine dirishani, meza ya kukatia, na vipande vya vitambaa kila mahali mpaka unaona haya kukanyaga. Nilimkuta anapunguza kiuno cha kaptura nyekundu. Binti yake, miaka kumi na tatu, mwili wote miguu, alikuwa amesimama juu ya kigoda akipimwa. Nyumbani tunamwita Kasi, kwa sababu tangu alipoanza kutembea hakutembea.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Jumamosi usichelewe. Mita mia mbili ni saa nne kamili. Mwamuzi akipiga kile kibastola chake, ukipepesa jicho umenikosa."

Nikamwitikia. Nikakaa juu ya rundo la vitambaa maana kiti kilikuwa na pini. Nikaomba maji, nikanywa, nikaomba mengine. Dada akasema nikimaliza mtungi nitaje kilichonileta. Basi nikaeleza. Nilianza kwa mzaha, kwamba maabara wamegundua nina moyo, jambo ambalo wengi walikuwa wanalibishia. Hakuna aliyecheka, nikaacha. Nikasema yote kwa mpangilio: jeni, kengele ya ghalani, tairi, ile mara ya tatu, fomu, alama nene kwenye hapana. Namba kumi na mbili sikuitaja. Nilisema tu kwamba kitu hiki hutembea kwenye damu ya ukoo, na kwamba ningependa Kasi apimwe moyo kabla hajakimbia hatua nyingine.

Mashine ya dada ilikuwa imesimama. Akakata uzi kwa meno, akakunja kaptura vizuri, mara mbili, akaiweka mezani. Akasema kwamba mtoto ameshaanguka mara tatu, yote shuleni, mbili kati ya hizo kengele ikilia. Kwamba anakunywa vidonge vya kifafa tangu mwaka jana, vinamlaza darasani. Kwamba walichukua damu, na majibu yalirudi kuwa hakuna kitu, na karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya mwalimu wa michezo akubali kumrudisha kwenye mbio. Alikuwa nayo kwenye droo ya vifungo. Aliitoa akanionyesha, na chini kabisa, kwenye pembe, niliona kumi na mbili, namba niliyoiandika mimi kwenye kichupa.

"Hiyo karatasi ni ya uongo," nikasema. "Uongo wenyewe ni wangu."

Yeye alikuwa anatazama ukutani, ilipo picha ya marehemu baba. Baba alikuwa fundi umeme. Alianguka kutoka kwenye ngazi, sisi tukiwa wadogo, lori lilipopiga honi nyuma yake. Tulikua tukimlaani dereva yule. Mama aliingia kaburini akimlaani.

"Ngazi haikuwa ndefu," dada akasema pole pole. "Nakumbuka watu walivyoshangaa. Walisema mtu haanguki hapo akafa." Kisha akanigeukia, "Na mimi je? Kama kimetoka kwa baba kikafika kwa mwanangu, kimepita wapi?"

Sikuwa nimefikiria hapo. Miaka yote ile kwenye vinasaba na sikuwa nimefikiria hapo. Kitu hicho hakikumrukia mtoto kutoka kwa mjomba; lazima kilipita kwa mama yake.

Kasi alikuwa bado juu ya kigoda. Aliuliza jambo moja tu, kama Jumamosi hakimbii. Mama yake akasema hakimbii. Alishuka, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa upole, na nilitamani aubamize. Nilimfuata mpaka mlangoni nikaanza, mjomba wako naye kazoea kuanguka bila hata kukimbia. Sauti ikatoka ndani, si ya hasira: "Mjomba, leo usinichekeshe." Nikarudi kukaa juu ya vitambaa.

Hospitali iliwapangia Jumatatu, na mimi nikaombewa nafasi hapohapo. Mpaka siku hiyo tuliambiwa tuepuke mbio na milio. Dada alitoa saa ya kengele chumbani kwa mtoto. Akaandika karatasi akaibandika mlangoni: usigonge kwa nguvu. Mwenye ngumi nzito kuliko wote wanaokuja pale ni mimi.

Ijumaa nilifikiria kutokwenda ukumbini, nikaenda. Daktari alisimama mwenyewe. Hakunitaja, lakini katika jengo lenye Rula mmoja, kutotajwa hakusaidii. Alisema idara yake imegundua kwamba mtu wao wa kulinganishia hakuwa wa kulinganishia, kwamba majibu yote yaliyotolewa kwa msaada wake yanapitiwa upya, na kwamba kuanzia sasa kila sampuli ya afya itapimwa undugu na kila mgonjwa, na wenye sampuli hizo watapimwa moyo, badala ya kuaminiwa mwandiko. Tayari familia mbili zaidi zimepata jibu. Mlinzi akauliza kama hiyo ni hasara au faida. Daktari akasema ni matokeo. Nilisubiri kutaniwa, maana haki yao ilikuwapo. Dada wa Nyota alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu. Aligeuka, akanitazama kidogo, akanipa kipande cha peremende, akarudi kutazama mbele. Nilikitafuna kimya kimya kama dawa.

Jumamosi saa nne nilikuwa chumba cha mbele cha dada, nacheza karata na Kasi. Ilipofika saa nne na dakika moja alisema, "Wameshamaliza." Akanishinda michezo sita. Sikumwachia hata mmoja, aliishinda kwa haki.

Jumatatu tulilazwa kwenye vitanda vitatu vilivyopangwa sambamba, pazia katikati, waya kifuani. Daktari wa moyo alikuwa mtu mpole mwenye mikono ya baridi. Alitandaza karatasi zetu tatu mezani, akatuonyesha kwa kalamu. Baada ya kila pigo moyo hupumzika na kujiandaa, alisema, na hapa panaonyesha muda unaochukua. Wa Kasi ulikuwa mrefu kupita kawaida. Wangu ulikuwa mrefu kuliko wake. Wa dada ulizidi kidogo tu, ungeweza kumpita daktari asiye na habari. Akasema kifafa mtoto hana na hakuwahi kuwa nacho. Vidonge vile vitapunguzwa kidogo kidogo, si kwa siku moja, na vya moyo vinaanza leo, kwa wote watatu. Akatupa orodha ya dawa nyingine za kukwepa, akatukataza kuviruka vile vidonge vya moyo hata siku ya kujisikia vizuri, na hapo akanitazama mimi, sijui nani alimweleza.

Kasi aliuliza kuhusu mbio. Daktari huyo akasema baada ya miezi kadhaa watampima tena, kisha wataona. Mtoto akataka kujua kuona maana yake ni ndiyo au hapana. Daktari akasema maana yake ni kuona, ila kama angeulizwa wiki iliyopita, kabla ya kidonge, angesema hapana bila kuona. Kasi aliipima ile kauli kwa muda, akaona ina mlango, akaenda dirishani kuchukua dawa akiwa anatembea. Kutembea kwa mtoto yule ni jambo la kuangaliwa.

Tukabaki mimi na dada kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, kila mmoja na mfuko wake wa karatasi. Moyo wangu, kwa huo uzembe wake, ulikuwa umejaa. Na mimi nikijaa huwa silii, hutafuta wa kugombana naye. Nikaanza. Nikamwambia kosa la fomu ni langu, sikatai, nitalibeba. Lakini na yeye ana lake. Miezi yote ile mtoto anaanguka, anapelekwa hospitali, anatolewa damu, damu inaletwa kwenye mikono yangu mwenyewe, na mimi kaka yake wa tumbo moja sina habari. Ninafanya kazi mlemle ndani. Ningejua, ningekumbuka ghala siku hiyohiyo. Ningeitoa damu yangu kwenye orodha kabla haijamfuta mtoto. Nikasema nimekuwa kama mtu wa kupita njia. Nikasema hata jirani huambiwa. Nilikuwa naongea vizuri, nilijisikia mwenyewe, mpaka mama mmoja kwenye benchi la pili akaanza kuafiki kwa kichwa.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akiukunja mdomo wa mfuko wake wa dawa kama anavyokunja pindo.

"Nilikupigia simu jioni ileile alipoanguka mara ya kwanza," akasema. "Ukaniambia huyo ni mtoto wa kwanza duniani kuzimia kwa furaha ya kengele ya kwenda nyumbani. Kilikuwa kichekesho kizuri, kaka, nilicheka hata mimi. Ndiyo maana mara ya pili nikampigia daktari."